Baridi ya Njombe ilinimalizia vifaranga, usirudie nilichofanya mimi

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anahamia Njombe mwezi huu wa sita, ana eka moja anataka kuanza na kuku, ananiuliza kaka hiyo baridi ni kama wanavyosema? Dada yangu, ni zaidi, na ngoja nikusimulie yaliyonikuta maana mpaka leo yananiuma.

Mwaka wangu wa kwanza nilitoka Dar na kiinua mgongo changu, mwezi wa saba nikachukua vifaranga 200. Siku ya tano jua likawaka vizuri, jioni anga jeupe halina hata wingu, upepo umetulia, nikajua baridi imeisha. Bibi jirani akapita, tukasalimiana kamwene, akaangalia juu akaniambia mwanangu leo funika. Nikaitikia tu, nikaingia ndani. Vifaranga niliwategemezea balbu ya kuwapa joto, na umeme ukakatika usiku mimi nimelala fofofo. Alfajiri natoka majani yote meupe, maji ya ng'ombe yameganda juu, nafungua banda nakuta wamerundikana kona moja, wa chini wamekosa hewa, wa juu wamekufa kwa baridi. Nilihesabu 83. Nilikaa chini kwenye maranda nikashindwa kuinuka. Viazi vya bondeni navyo kufika saa nne majani yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Shemeji yangu akapiga simu, si nilikwambia urudi mjini. Hilo neno sijalisahau.

Sasa wadau, angalieni anga. Usiku wa mawingu una nafuu kwa sababu mawingu yanazuia joto la ardhi lisipotee, ule mweupe usio na upepo ndio wenye barafu, na hewa ya baridi ni nzito inashuka bondeni, ndo maana viazi vya msimu huu nimevipandisha mteremkoni. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 mpaka 35, mimi siku hizi natumia vyungu viwili vya mkaa, nauwashia nje kwanza mpaka moshi uishe, juu ya banda naacha pa kupitisha hewa, na saa nane usiku naamka kuongeza, kila siku, hata nikiwa nimechoka vipi. Bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, nimeizungushia kadibodi iwe duara wasipate kona. Ila jiko la mkaa usilale nalo chumbani hata siku moja, hewa yake haina harufu na inaua mtu usingizini.

Na vijana mnaotoka mjini acheni kiburi, semina na video ni nzuri lakini mzee aliyezaliwa kwenye hii baridi akikwambia funika, wewe funika!

Wiki hii nina vifaranga 300, jana anga lilikuwa jeupe vilevile, asubuhi nimehesabu wote wapo. Dada, ukifika nitafute kabla hujanunua chochote, nikupeleke kwa yule bibi.