Jibu: Shujaa akifa kwenye kionjo, tuamini?

Dada, umeuliza kama kurasa za kionjo, zile chache za jarida la katuni zinazotolewa kabla halijatoka, zikionyesha shujaa amekufa, uamini au usubiri toleo lenyewe. Subiri, ila usijilaumu kwa kuumia.

Mimi yalinikuta Mei 2023. Zilivuja habari kwamba Kamala Khan, yule Ms. Marvel, anakufa kwenye The Amazing Spider-Man namba 26, kabla toleo halijatoka tarehe 31, na Marvel wenyewe, wachapishaji wake, wakathibitisha. Mashabiki waliwaka, na walikuwa na haki. Binti wa Kiislamu wa Jersey City, mwenye jarida lake tangu 2014, anafia kwenye hadithi ya mtu mwingine! Nilipolisoma lote hasira haikupungua: alijigeuza sura ya Mary Jane, aliyewahi kuwa mpenzi wa Spider-Man, ili amwokoe, akachomwa kisu yeye, halafu msiba ukawa wa Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, kuliko wa familia ya Kamala. Hilo bado linaniuma.

Lakini Julai hiyohiyo alifufuliwa kwenye toleo la X-Men, na ikajulikana kuwa yeye ni mutanti pia kama wao, yaani mtu aliyezaliwa na uwezo usio wa kawaida. Hata Superman aliuawa Novemba 1992, mwaka uliofuata akarudi.

Kwa hiyo kifo kwenye kionjo kinaweza kuwa cha kweli na bado kisidumu. Mimi siku hizi naangalia zaidi namna anavyokufa: je, uamuzi ni wake, au anatolewa ili mwingine alie? Hilo kurasa nne za kionjo haziwezi kukuonyesha. Likitoka, lisome lote, kisha uje tulijadili.