Jibu: Homa baada ya kuumwa na kupe Kinango

Pole sana ndugu. Umesema ulikwenda Kinango kuangalia ng'ombe, ukarudi Mombasa na kupe pajani, na sasa yapata wiki una homa, kichwa chakuuma, na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Hicho kidonda ulichokitaja, kigaga cheusi katikati na wekundu pembeni, ndicho kinachonitia shaka kuwa ni homa ya kupe. Mtoki je, umevimba kinenani?

Kupe wa ng'ombe, hasa wale wakubwa wenye madoadoa ya rangi mgongoni, hubeba bakteria aitwaye Rickettsia africae. Homa yake huanza kama siku 5 hadi 10 baada ya kuumwa. Na sisi wa mjini tusijione tumesalimika: kupe wa mbwa naye ana wake, Rickettsia conorii, na huyo ni mkali zaidi.

Dawa za malaria hazimgusi kabisa. Amoksilini vilevile, maana bakteria huyu hujificha ndani ya seli. Kinachomweza ni doksisaiklini, lakini usijinunulie tu dukani. Nenda hospitali leo, umwonyeshe daktari hicho kidonda na umtajie kupe hata kama hakuulizi. Wengi hunyamaza, wakaishia kuandikiwa dawa za malaria tena.

Halafu hilo la kumchoma kupe na kiberiti au kumpaka mafuta ya taa ili atoke, acha. Kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, akavutwa taratibu bila kupindwa, kisha unaosha pale kwa sabuni.