Dada, hela ya kiangazi msiitume kwanza

Dada shikamoo, na wengine wote habari zenu. Juzi Dada kaniachia voisi ya dakika sita nikiwa kazini, nimeisikiliza kwenye gari baada ya shifti, na kwa vile kuna wazazi wengine wawili wa hukohuko Moshi wameniuliza jambo lilelile, nimeona niandike mara moja tu, hata kama ni ndefu. Swali lenyewe ni hili: kijana wetu yupo mwaka wa pili chuo hapa Marekani, anataka kuja kuomba shule ya udaktari, kaambiwa kiangazi kijacho lazima afanye kitu kikubwa cha kuonekana, na kuna kampuni inataka alipe dola 3,400 bila nauli aende wiki tatu hospitali moja Arusha kutazama madaktari wanavyofanya kazi. Ukoo umeshaanza kuchanga. Dada anauliza, kweli huko ndo inavyotakiwa?

Hapana. Hiyo hela msiitume.

Nielezee kwanza maana huku mambo ni tofauti na Muhimbili au KCMC. Huku udaktari hauingii ukitoka form six. Unasoma digrii ya kwanza miaka minne, ndo unaomba shule ya udaktari, nayo miaka minne mingine, halafu ndo mafunzo ya hospitalini. Fomu ya maombi hufunguliwa mwanzoni mwa Mei na kuanza kutumwa mwishoni mwa Mei kuelekea Juni, mwaka mzima kabla ya kuingia darasani, kwahiyo kama atatuma akimaliza mwaka wa tatu, kiangazi hiki kinachokuja, yaani likizo yao ndefu ya kuanzia katikati ya Mei mpaka Agosti, ndicho cha mwisho alichonacho kikiwa kizima kabla ya kuomba. Hapo aliyemwambia kiangazi hiki kina uzito hakumdanganya. Kamdanganya kwenye uzito wenyewe unatoka wapi.

Kwenye ile fomu kuna sehemu ya kuandika kazi na shughuli ulizofanya, zisizidi 15, kila moja herufi 700 ukihesabu na nafasi. Kati ya hizo unachagua tatu ambazo zimekugusa zaidi, unaongezewa herufi 1,325 kwa kila moja ueleze kwa nini. Sasa jiulizeni, mtu aliyesimama nyuma ya daktari wiki tatu, hajamlisha mtu, hajamgeuza mtu kitandani, hajui hata mgonjwa aliyemwona Jumatatu kama Ijumaa alikuwa hai, hizo herufi atazijaza na nini? Ataandika aliona umaskini akasikitika. Na huyu wetu kazaliwa Moshi jamani, anaenda kulipa dola kuonyeshwa Arusha.

Kuna na jingine linaniuma zaidi na ntalisema wazi. Dada unakumbuka Mama alivyolazwa mara ya mwisho, ile asubuhi tulipofika na uji tukakuta vijana wa kizungu sita au saba wamezunguka kitanda wamevaa makoti meupe, shuka limefunuliwa mpaka magotini, mmoja ana simu mkononi, na Mama kageuzia uso ukutani. Hakuna aliyemuuliza. Mi wakati ule nilidhani ni madaktari. Nimekuja kujua huku kwamba wengi wao ni wanafunzi ambao hata shule ya udaktari hawajaingia, wamelipia tu, na wengine huachiwa kushona vidonda na kuzalisha, vitu ambavyo kwao wangekamatwa. Chama cha shule za udaktari za Marekani, kile kinaitwa AAMC, kilishatoa mwongozo tangu 2011 kuwaonya wanafunzi wasifanye nje ya nchi kazi ambayo hawajafunzwa. Kwahiyo wanaosoma fomu wanajua. Kijana akiandika kwa fahari kwamba alishika sindano Arusha akiwa mwaka wa pili, kajiharibia mwenyewe. Ila hata kama isingemharibia, mi nisingependa mtoto wetu awe mmoja wa wale waliozunguka kitanda.

Sasa afanye nini. Ngoja niwaambie nilichokiona kwa macho yangu maana mi kazi hii naijua tangu chini. Mnajua nilifika huku nikaanza kama CNA, yaani msaidizi wa nesi, kwenye nyumba ya wazee, kabla sijasomea unesi. Sheria ya nchi inataka mafunzo ya masaa yasiyopungua 75, majimbo mengine yanaongeza, halafu mtihani, basi unaanza kazi. Kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, kumwamsha mtu umemfunga ule mkanda wa kiunoni asianguke. Huko nyumbani mnaita kubeba boksi, na wengi hatuwaambii mnapopiga simu.

Miaka ya nyuma kidogo alikuja binti mmoja wa chuo kufanya kazi kiangazi kizima, ana ndoto hiyohiyo ya udaktari, mi ndo nikapewa nimfundishe. Siku ya kwanza alitoka chumbani mara mbili akaenda kulia chooni kwa sababu ya harufu. Sikumsema, hata mi nililia. Tulikuwa na mzee mmoja mweusi, alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi, maji ya kawaida hawezi kumeza yanampalia kwahiyo tunayatia unga maalumu yanakuwa mazito kama uji wa mtoto ndo unamnywesha kwa kijiko, kijiko kimoja, unangoja koo lipande lishuke, ndo cha pili. Glasi moja ni dakika 20. Yule binti mwanzo alikuwa anaharakisha mzee anakohoa. Kufika Julai alikuwa anakaa pale ametulia anaongea naye habari za besiboli, na mzee anamaliza glasi.

Agosti siku moja akanifuata kwenye korido akaniambia kisigino cha kushoto cha mzee kina joto kuliko cha kulia, na ukikibonyeza kimelegea. Nikaenda. Kwa macho huoni kitu, ngozi nyeusi haionyeshi ule wekundu wanaouchora kwenye vitabu. Nikashika, kweli, joto, laini kama embe lililoanza kuiva upande mmoja. Kile ni kidonda cha kulalia kinaanza, kikiachwa kinafika mfupani. Tulimwita nesi wa zamu, tukaninginiza kisigino kwa mto kisiguse godoro, ratiba ya kumgeuza ikakazwa, na hakikufunguka. Aliyekigundua ni mtoto wa miaka 20 kwa sababu alikuwa anavua na kuvisha zile soksi kila siku. Leo yupo shule ya udaktari. Aliniambia kwenye intavyuu walimuuliza habari ya hicho kisigino karibu robo saa nzima, mambo mengine hawakuyagusa sana.

Ndo maana nasema akae na wagonjwa walewale muda mrefu, wamzoee, wamhitaji, mpaka asipofika waulize yuko wapi. Mahali penyewe hata pasipokuwa na jina kubwa haijalishi.

Ila sasa kuna ukweli mchungu ambao Dada sikukwambia mapema na nisamehe. Kijana wetu yupo kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Huyo hawezi kwenda nyumba ya wazee akaajiriwa hivihivi. Anaruhusiwa kazi za ndani ya chuo, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na likizo anaweza kufanya za kutwa nzima, lakini zilezile za ndani ya chuo. Kazi ya nje mpaka ruhusa maalumu inayoendana na masomo yake. Mtu yeyote huku, hata awe wa kwetu kabisa, akimwambia njoo nikupe shifti za mkononi, akatae, akikamatwa kapoteza viza na miaka yote. Na kingine, shule nyingi za udaktari huku hazipokei mtu asiye raia na asiye na grinkadi, yaani kibali cha kuishi huku moja kwa moja. Zipo zinazopokea, chache, na baadhi zinataka uonyeshe ada ya mwaka mzima au hata ya miaka minne imewekwa pembeni kabla hujaanza, na mkopo wa serikali mwenye F-1 hapati. Simkatishi tamaa. Nasema tu kabla ya kuchangia kiangazi, akae atengeneze orodha ya shule zinazopokea watu wa hali yake, asome masharti ya kila moja, tujue tunaelekea wapi. Mnaoniuliza ambao watoto wenu walipata grinkadi kwa bahati nasibu, nyie kozi ya CNA ndo ushauri wangu, wala msifikirie mara mbili.

Kwa wetu, njia ipo, ni kujitolea. Namaanisha hospisi, huduma ya watu ambao daktari keshasema hawatapona, na huku wengi wanahudumiwa majumbani kwao. Serikali inazilazimisha hospisi zinazolipwa na Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, zitumie watu wa kujitolea, masaa yao yasipungue asilimia 5 ya masaa ya wafanyakazi wa kulipwa wanaohudumia wagonjwa, kwahiyo wanatafuta watu kila siku, hawakuulizi unamjua nani. Wanakupima TB, wanaangalia kama una rekodi ya polisi, wanakupa mafunzo, basi. Halipwi, na kwa vile nafasi hizo siku zote ni za kujitolea, F-1 hazimletei shida, ila aulize ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake kwanza, apate jibu kwa maandishi. Kazi ni kukaa. Unakaa na mgonjwa masaa mawili matatu ili mke wake aende dukani au akalale. Unamsomea gazeti, unamlowesha midomo, wakati mwingine hamwongei kitu. Nawaambia wanafunzi wengi hawaiwezi hii, wanataka chumba cha upasuaji. Na daktari atakayekaa na mtu anayekufa bila kukimbilia simu, huyo hupatikana kwa shida.

Halafu kuna Kiswahili chake. Hapa mjini kwetu Louisville Wakongo ni wengi, waliletwa kama wakimbizi, wengi wamepita kambi za Nyarugusu na kwingine, na Kiswahili ndo lugha yao hospitalini. Hospitali zinatakiwa kisheria ziweke mkalimani aliyefunzwa, mtoto wa familia haruhusiwi kutafsiri isipokuwa dharura, na mafunzo ya ukalimani wa hospitali yanaanzia masaa 40. Kulipwa hatoweza kwa hiyo viza, lakini mashirika yanayohudumia wakimbizi yanahitaji watu wa kujitolea wa kumpeleka mama kliniki, kumwonyesha basi, kumsomea barua ya bili. Na asijidanganye kwamba kwa kuwa ni Mtanzania anakijua chote, mama wa Kivu akisema munganga anamaanisha daktari, na kuna maneno ya mwili ataulizia mara mbili. Huko atajifunza kusikiliza, kitu ambacho hospitali ya Arusha asingekipata akiwa kasimama nyuma ya mtu.

Kwahiyo mpango wangu ni huu, asubuhi siku za kazi aombe kazi ya maabara hapohapo chuoni, apate hela ya chakula, jioni mbili hospisi, Jumamosi wakimbizi. Asiongeze kitu kingine. Ule mtihani wao wa kuingilia, MCAT, unakula kama masaa saba na nusu siku ya mtihani na maksi ni kuanzia 472 mpaka 528, huo aupangie miezi yake, asiuchanganye na kiangazi hiki akakosa vyote. Nimeona mtoto wa rafiki yangu kajaza shughuli tisa kiangazi kimoja na hakuna hata moja aliyoweza kuielezea.

Na Dada, kuna jambo nilishangaa. Nilimwomba anitumie alichoandika mpaka sasa, ile barua ya maelezo binafsi, herufi 5,300. Kaandika habari za sayansi, kaandika habari za kuisaidia Afrika. Babu yake, yaani Baba yetu, hayumo. Miezi ile baada ya mtihani wa form six, nani alikuwa anamgeuza Baba usiku kila masaa mawili? Nani aligundua Baba anameza vizuri akiinamisha kidevu? Nilimuuliza kwa nini hakuandika, akaniambia mamdogo hiyo si ni ya nyumbani tu. Nilinyamaza muda mrefu kwenye simu. Huyu mtoto alishaifanya kazi ile ya binti wa kisigino, tena akiwa na miaka 18 na bila glavu, na hajui kama inahesabika.

Mwambie anipigie Jumamosi usiku, saa tatu ya huku, ntakuwa nimetoka kazini. Aje na karatasi, aniandikie habari za Babu kama alivyokuwa ananisimulia zamani, sitaki Kiingereza kizuri, aandike tu. Fomu ya hospisi ya karibu na chuo chake nimeshaipata, tutaijaza pamoja. Hela ya mchango warudishie wenyewe, ya shangazi hasa maana najua kauza ndizi. Na asante kwa kuniuliza kabla ya kutuma.