Muziki wa gemu na filamu: majibu kwa wasikilizaji wa Kusini

Niliwahi kuandika hapa kwamba muziki wa gemu na wa filamu unastahili kusikilizwa wenyewe, picha ikiwa imezimwa. Maswali yameingia kutoka Mtwara na Lindi. Nayajibu leo, na pale penye mengi ya kusema sitabana maneno.

Shikamoo kaka. Niko Mikindani, nina miaka 19. Simu yangu imejaa muziki wa gemu. Nikiufungulia kijiweni wenzangu wananicheka, wanasema ni milio ya watoto. Niwaambie nini?

Marahaba mdogo wangu. Waambie habari za Koji Kondo. Mwaka 1985 Mjapani huyu alitunga muziki wa gemu la Super Mario Bros. kwa mashine ya Nintendo iliyokuwa na njia tano tu za sauti: mbili za melodi, moja ya besi, moja ya kelele za kugeuzwa ngoma, na moja ya vipande vifupi vilivyorekodiwa. Hakuwa na mwimbaji wala maneno. Alikuwa na melodi tu, na melodi hiyo ilibidi ivumilie kurudiwa saa nzima bila kumchosha anayecheza. Nyimbo ngapi za redioni zinaweza kupita mtihani huo? Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza muziki huo kwenye orodha ya rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, wa kwanza wa gemu kufika humo. Na wanamichezo walipoingia uwanjani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, walipigiwa muziki wa gemu. Kijiwe chako kikiendelea kucheka baada ya hapo, endelea kusikiliza.

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mwalimu wa kwaya huku Ndanda. Vijana wameniletea wimbo unaoitwa "Baba Yetu", wanasema umetoka kwenye gemu. Ni kweli? Na je, tunaweza kuuimba?

Milele amina, mwalimu. Ni kweli kabisa, na swali hili limenifurahisha kuliko yote.

Mtunzi ni Mmarekani, Christopher Tin. Mwaka 2005 gemu la Civilization IV lilikuwa linatengenezwa, na kiongozi wa usanifu wake, Soren Johnson, alikuwa amekaa chumba kimoja na Tin walipokuwa Chuo Kikuu cha Stanford. Akamwomba wimbo wa kufungulia gemu. Tin akachukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akaipa ngoma, mwimbaji kiongozi na kwaya ya kumjibu. Wa kwanza kuuimba walikuwa kundi la wanafunzi wa Stanford liitwalo Talisman. Wachezaji wengi wamesimulia kwamba waliwasha gemu, wakabaki kwenye ukurasa wa mwanzo bila kubonyeza chochote, wakisikiliza.

Mwaka 2009 Tin aliurekodi upya na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini kwenye albamu yake Calling All Dawns. Februari 2011 ukapata tuzo ya Grammy kwa upangaji wake wa ala na sauti. Ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Tafakari hilo, mwalimu: gemu zimetoka Japani na Marekani miaka na miaka, na mlango huo wa Grammy ukafunguliwa na wimbo wa Kiswahili. Kila nikikumbuka hilo najisikia fahari, wala sioni sababu ya kuificha.

Kuuimba mnaweza. Nota za kwaya zinauzwa, kwa hiyo nunueni. Msitoe fotokopi ya nakala ya jirani, maana mtunzi yu hai na anaishi kwa kazi hiyo. Kuhusu Misa, zungumza na padre kwanza, kwa sababu wimbo unarudiarudia maneno na haufuati sala neno kwa neno. Kwenye tamasha la kwaya hapana shida. Msiupunguze mwendo ukawa kama wa msibani. Ngoma ndizo zinazoubeba, na sauti za chini za wanaume zisione haya. Kwaya za ugenini huufanyia kazi kubwa wimbo huu hadi irabu zikae sawa. Wanakwaya wako wamezaliwa nazo, na itasikika.

Kaka, natoka Tandahimba. Kwenye gemu, adui akitokea muziki unabadilika papo hapo, ukimkimbia unatulia. Nani anaubadilisha?

Unaubadilisha wewe unayecheza. Ndiyo maana muziki wa gemu ni fani yake yenyewe, mbali na ule wa filamu. Mtunzi wa filamu anajua papa atatokea sekunde ya ngapi. Mtunzi wa gemu hajui kama utasimama mlangoni dakika moja au utaenda kunywa chai ukaacha mashine inawaka.

Mwaka 1978 gemu la Space Invaders lilikuwa na nota nne tu zinazozunguka. Kadiri maadui walivyopungua, nota zilikwenda mbio zaidi, na mapigo ya moyo wa mchezaji yakafuata. Mwaka 1991 kampuni ya LucasArts ilitumia mfumo ulioitwa iMUSE kwenye gemu la Monkey Island 2: mchezaji akihama chumba, muziki unavuka naye hadi wimbo mwingine bila kukatika.

Siku hizi njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya matabaka. Vinanda vya nyuzi, ngoma na tarumbeta hurekodiwa kila kimoja peke yake kwa mwendo uleule, vyote vikawa vinatembea pamoja, na programu inapandisha au kushusha sauti ya kila tabaka kulingana na unachofanya. Ya pili ni ya vipande: muziki unakatwa katika vifungu vyenye sehemu za kuungia, na programu inasubiri pigo likamilike kabla ya kuingiza kifungu cha vita.

Wewe wa Tandahimba hili umeliona tangu utotoni. Mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yakicheza, wapiga ngoma huitazama miguu ya aliyevaa kinyago. Akisimama wanasimama naye, akitikisika pigo linatikisika. Kompyuta imefundishwa kufanya jambo hilo, na bado mpiga ngoma mzuri anaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Fanya jaribio. Kwenye kibanda cha gemu msogelee adui, rudi nyuma, msogelee tena, ukisikiliza chombo gani kinaingia cha kwanza. Wenzako wanaosubiri zamu watalalamika. Wavumilie.

Mwanangu yuko kidato cha nne hapa Nachingwea. Anasoma huku amevaa iafoni, anasema ni muziki wa gemu. Nimkataze?

Shikamoo mama. Usimkataze bila kusikiliza kwanza anachosikia. Muziki usio na maneno haugombani na maneno ya kitabu. Ila ule wa mapambano umetungwa kumsisimua mtu, haufai kwa hesabu. Achague ule wa kutembea mashambani na mijini ndani ya gemu, na sauti iwe ndogo kiasi kwamba ukimwita anaitika.

Nipo Lindi mjini. Nimezoea muvi zilizotafsiriwa. Nikitaka kuanza kupenda muziki wa filamu, nianzie wapi?

Anza kwa kurudia muvi uliyokwisha kuiona. Mtafsiri ana sanaa yake na naiheshimu, lakini sauti yake hukaa palepale muziki ulipokaa. Hadithi umeshaielewa; sasa tafuta ile ya asili na uisikilize.

Mtazame John Williams, mtunzi wa Marekani. Katika filamu ya Jaws ya 1975 papa haonekani kwa muda mrefu, nota mbili tu ndizo zinazomleta. Mwaka 1977, akiwa na London Symphony Orchestra, aliwapa baadhi ya wahusika wakuu wa filamu ya Star Wars nyimbo zao wenyewe, desturi aliyoirithi kutoka opera, yaani maigizo ya kuimbwa, za Mjerumani Richard Wagner. Mhusika anaweza kuwa hayupo kwenye picha, wimbo wake ukapita taratibu, nawe ukajua anafikiriwa. Kisha nenda Black Panther ya 2018. Mtunzi Ludwig Göransson alisafiri hadi Senegal, akaandamana na mwimbaji wa huko Baaba Maal kwenye ziara yake, akamrekodi Massamba Diop akipiga tama, ile ngoma inayobanwa kwapani. Februari 2019 alipata Oscar.

Na tafadhali, majina yakianza kupanda mwishoni usizime. Hapo ndipo muziki hupigwa kwa ukamilifu bila risasi wala maneno juu yake. Kama unatumia sabufa, shusha besi hadi katikati. Sabufa nyingi za nyumbani zimepandishwa mpaka vinanda vinamezwa.

Kaka, nina laptopu ya zamani huku Kilwa Masoko. Naweza kutunga muziki wa gemu?

Unaweza. LMMS ya kutungia muziki na MuseScore ya kuandikia nota ni programu za bure. Zipakue kwa bando la usiku. Chukua video ya gemu ya dakika mbili, iondolee sauti, uitungie upya.

Ukitaka ngoma za hapa, nenda kazirekodi mwenyewe. Göransson alivuka bara kufuata tama, na sindimba, ngoma ya Wamakonde, iko jirani yako. Waombe wazee na wapigaji ruhusa kwanza, wasikie matumizi utakayoifanyia rekodi, na uwalipe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, hivyo ukifika hatua ya kuuza pitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Siku ya kurekodi, fika ngoma zikiwa zinapashwa moto, weka simu hatua kadhaa mbali na ngoma kubwa ili sauti isipasuke, na rekodi kila ngoma peke yake kabla hawajapiga pamoja. Matabaka niliyomweleza ndugu wa Tandahimba yanaanzia hapo.