Besi tamu chumbani, bubu jukwaani

Kijana mmoja anayejifunza gitaa la besi alinifuata baada ya shoo nikiwa nakunja waya. "Kaka, hiyo sauti unaitoa kwa gitaa gani?" Nikamwonyesha. Akalitazama lile gitaa langu lililobanduka rangi pale mkono unapoegemea, halafu akanitazama mimi, nikajua hajaniamini. Nikampa alipige. Gitaa lilelile, amplifaya ileile, vitufe sijavigusa, na sauti iliyotoka ikawa yake, si yangu. Alikuwa analikwaruza gitaa karibu kabisa na daraja, pale nyuzi zinapoegemea upande wa mkono wa kulia, kwa ncha za kucha, kama anayeogopa nyuzi zitamng'ata.

Nimepiga besi kwenye bendi miaka mingi, na pesa nyingi nilizopata kwa besi zimerudi kwenye besi. Nimenunua, nimeuza, nimebadilishana, nimejuta. Nikiulizwa leo nilikosea wapi zaidi, si kwenye gitaa nililochagua. Nilikosea kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa nachagua sauti nikiwa peke yangu chumbani.

Amplifaya yangu ya kwanza ya maana ilikuwa na vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti za chini, za kati na za juu. Nikavipanga kama kila mgeni anavyovipanga: za chini nimezipandisha kabisa, za juu nimezipandisha kabisa, za kati nimezizamisha shimoni. Chumbani ilikuwa asali. Noti moja tu ya E ilitosha kunifanya nijione bingwa. Jumamosi tukapanda jukwaani, na kwenye wimbo wa tatu mpiga dramu akanigeukia huku anapiga: "Umezima?" Sikuwa nimezima. Taa inawaka, boksi la spika linatikisika, suruali yangu inapepea miguuni, lakini hakuna aliyejua napiga noti gani. Na mimi mwenyewe, nikiri, nilikuwa nakisia.

Sababu yake iko hivi. Uzi mnene wa E, ukipigwa wazi, unatetemeka mara 41 kwa sekunde. Sikio la binadamu ni zito sana huko chini. Tunachokitambua kama "noti" kwa kiasi kikubwa ni zile sauti zinazopanda juu ya huo mtetemo, hezi (yaani mitetemo kwa sekunde) 82, 123, 164 na kuendelea. Sasa weka bendi nzima. Chini kabisa kuna ngoma ya mguu na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Juu kuna matoazi, gitaa la solo, la rizimu na herufi za "s" za mwimbaji. Nafasi ya besi kujieleza iko katikati, kati ya hezi 400 na 800 hivi, na hapo hapo ndipo mimi nilipokuwa nimechimba shimo.

Siku hizi naanza na vitufe vyote saa sita, yaani vimesimama wima. Kisha napunguza chini kidogo, napandisha kati kidogo, basi. Ukisikiliza peke yake ni sauti ya mtu mwenye mafua. Ngoma zikiingia, yale mafua yanageuka kuwa maneno.

Jambo la pili ni ukumbi wenyewe. Wimbi la ile E wazi lina urefu wa zaidi ya mita nane, kwa hiyo linagonga kuta, linarudi, linakutana na lenzake. Kuna mahali litajazana hadi vioo vilie, na hatua chache pembeni litakuwa limefutika. Ndiyo maana natembea na waya mrefu. Wakati wa kujaribu mitambo nashuka jukwaani, napiga noti zote za uzi wa E na wa A taratibu nikitembea katikati ya ukumbi. Mara nyingi kuna noti moja inayounguruma kupita zote. Nikiijua, naipiga kwa mkono mwepesi usiku kucha. Hakuna kifaa cha kununua hapo.

Turudi kwenye magitaa, maana najua hiki ndicho ulichokijia.

Mtengenezaji wa magitaa aitwaye Leo Fender alitoa gitaa la besi la Precision mwaka 1951, na jina lenyewe linatokana na freti, vile vyuma vinavyokata shingo: ukibonyeza, noti inatoka sawasawa, tofauti na besi kubwa ya kusimama ambako vidole vinatafuta. Mwaka 1957 likapata ile pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) iliyokatwa vipande viwili, na mpaka leo sijaona pikapu rahisi kuielewa kuliko hiyo. Kitufe kimoja cha sauti, kimoja cha toni, kazi imekwisha. Fundi mitambo yeyote anajua pa kuliweka. Gitaa lake jingine, Jazz, likafuata mwaka 1960 na pikapu mbili, na hapa kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Ukifungua pikapu zote mbili mpaka mwisho, sauti za kati zinapungua zenyewe, lile shimo langu la chumbani linajirudia bila wewe kugusa amplifaya. Punguza moja kidogo tu, hata robo, na besi inaanza kunguruma. Utasikia mvumo mdogo wa umeme kwa sababu pikapu hazifutani tena mivumo yake. Bendi ikipiga, hakuna anayeusikia.

Halafu kuna haya ya betri. Mimi ninalo moja, nalipenda, na limewahi kuniaibisha. Saketi yake inawaka muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Niliacha waya umechomekwa usiku mzima baada ya mazoezi. Kesho yake, katikati ya wimbo wa taratibu, sauti ikaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, ikasinyaa, ikafa. Tangu siku hiyo betri ya volti tisa inakaa kwenye mfuko wa gitaa, pamoja na bisibisi ya kufungulia kifuniko. Bisibisi ndiyo husahaulika.

Kabla hujanunua gitaa la pili, badilisha nyuzi za la kwanza na ulipeleke kwa fundi alinyooshe shingo, ashushe nyuzi na kusawazisha daraja ili noti za juu zisipishane na za chini. Naweza kuapa kwamba magitaa mawili niliyoyauza kwa hasira yalihitaji hayo tu. Nyuzi zilizosokotwa mviringo zinang'aa na kulia kama piano kwa wiki chache, halafu zinapoa. Za bapa zina sauti nene na fupi tangu siku ya kwanza, na zinadumu mno. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit, alikuwa na nyuzi za bapa kwenye Precision na sponji karibu na daraja la kufisha mlio, na mkono wa kulia alitumia kidole kimoja tu cha shahada. Kila nikitaka kununua kifaa kipya huwa namkumbuka huyo na kile kidole chake. Kipande cha sponji cha kuoshea vyombo, kikichomekwa chini ya nyuzi pale darajani, kitakufundisha kuhusu toni kuliko pedali tatu za kubadilisha sauti.

Na mkono wenyewe. Karibu na daraja sauti inakuwa kavu na ya kati, karibu na shingo inakuwa pana na ya giza. Mimi nahama ndani ya wimbo huo huo: ubeti nakaa kuelekea shingoni, kiitikio narudi juu ya pikapu. Hicho ndicho kitufe cha toni ninachokitumia kuliko vyote.

Kuhusu amplifaya nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa watu wanaumia. Usinunue kwa kuhesabu wati. Kutoka wati 250 kwenda 500 unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) tatu tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haliishangilii. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, unahitaji karibu nguvu mara kumi. Kuongeza boksi la pili la spika mara nyingi kunasaidia zaidi, ila hesabu omu, kipimo cha ukinzani wa umeme wa spika: zikipungua, amplifaya inabeba mzigo zaidi. Maboksi mawili ya omu nane yakiunganishwa sambamba yanakuwa omu nne. Mawili ya omu nne yanakuwa mbili. Mimi niliazima boksi la rafiki, la omu nne kama langu, nikaliunganisha pamoja na langu kwenye kichwa, yaani amplifaya yenyewe bila spika, kisichoruhusu chini ya nne. Kilipiga nyimbo nne vizuri sana. Wa tano kikazima, kikapoa, kikawaka, kikazima tena. Nina bahati kilikuwa na kinga.

Waya wa kutoka kwenye amplifaya kwenda kwenye spika usiwe ule wa gitaa, hata kama jeki zinafanana. Ule wa gitaa una uzi mwembamba ndani, utapata moto. Na kama kichwa chako ni cha valvu, zile balbu za kioo za kukuzia sauti, kisiwake kamwe bila spika kuunganishwa.

Nimewahi kubeba amplifaya ya Ampeg SVT, ile ya valvu iliyotoka mwaka 1969 na wati zake 300, pamoja na boksi lenye spika nane za inchi kumi. Sauti yake ni ukuta, sibishi. Lakini kichwa peke yake kinapita kilo 30, na nilibeba kwenye ngazi. Leo natembea na kichwa cha kilo mbili na nusu ndani ya mfuko uleule wa gitaa. Wanaosema valvu ina joto zaidi, wana haki. Mgongo wangu nao una maoni yake.

Ukumbi ukiwa mkubwa, wasikilizaji hawasikii spika yako, wanasikia ya ukumbi. Kwa hiyo mpe fundi mitambo sauti safi, ile inayotoka kabla ya vitufe vyako. Ukimpa iliyopita kwenye vitufe, kila ukijirekebishia jukwaani unamharibia kule nyuma, naye atakushusha bila kukuambia. Msalimie kwa jina, na usiguse sauti wimbo ukishaanza.

Yule kijana tulibadilishana namba. Wiki iliyofuata akanitumia rekodi: noti safi, nzito, zinang'aa, amejirekodi chumbani peke yake. Akauliza kama toni imekaa. Nikamjibu anitumie nyingine akiwa na mpiga dramu. Bado naisubiri.