Jibu: Sijui kusoma nota, tamasha la muziki mpya chuoni litanifaa?

Nenda bila wasiwasi, ndugu. Umeuliza kama asiyejua nota ataambulia chochote kwenye tamasha la muziki wa klasiki wa kisasa la chuo kikuu. Ataambulia mengi.

Usisubiri onyesho la usiku tu. Wahi mazoezi ya wazi na mazungumzo ya watunzi, maana hapo ndipo utamu ulipo: mtunzi yu hai, amekaa safu ya pili, unamuuliza kwa nini mpiga fidla anagonga mbao za chombo badala ya kuvuta upinde. Mtunzi Morton Feldman alianzisha tamasha la aina hii la chuo kikuu, June in Buffalo, huko Marekani, mwaka 1975, na watunzi chipukizi wamekuwa wakikutana pale na wazoefu na kusikia kazi zao zikipigwa.

Ukiwa ukumbini, usitafute wimbo wa kurudi nao midomoni. Fuata mdundo, au rangi ya sauti. Katika kipande cha Clapping Music cha mtunzi Steve Reich, cha 1972, watu wawili wanapiga makofi tu. Mmoja anashikilia mdundo uleule, mwenzake anausogeza pigo mojamoja mpaka wanakutana tena. Hilo linahitaji nota gani kulisikia?

Kipande kikikuchosha, vumilia. Kinachofuata huenda kisifanane nacho hata kidogo.