Mbegu za sikioni kwa mzee asiyelala: tazama vidonge vyake kwanza

Tangu niwe namuuguza mavyaa wangu huku Pemba, mwenye sukari, presha na miguu inayojaa maji, majirani wananiuliza zile mbegu anazobandikwa sikioni na kubinywa ili apate usingizi zinapatikana wapi. Nami huwauliza: mzee wako anameza nini, na saa ngapi?

Mara nyingi mzee usingizi anao, ila kuna kinachomwamsha. Kidonge cha kutoa maji kikimezwa jioni, usiku ni safari za chooni, na choo chenyewe kiko uani, gizani. Muulize daktari kama kinaweza kumezwa asubuhi. Sukari ikipanda nayo hukojoza. Predinisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe na pumu, ikimezwa jioni hukodoa macho. Na anayelala kaegemea mito kwa kuwa akilala chali pumzi zinambana, mpeleke hospitali kesho, moyo wake ukaangaliwe.

Hayo yakishakaa sawa, ndipo tuje kwenye sikio. Ramani ya nukta za sikio za kubinywa au kuchomwa sindano, inayofuatwa leo, ilichorwa na daktari Mfaransa, Paul Nogier wa Lyon, miaka ya 1950. Aliliona sikio kama mtoto aliye tumboni, kichwa chini. Wachina wakaiendeleza, na kwa kuwa madaktari wao wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, sindano zao za kuchoma nukta za mwili si kitu kigeni kwa wazee wetu. Tafiti za tiba hii kwa usingizi zipo, nyingi ndogo na za Uchina, kwa hiyo mimi naihesabu kuwa nyongeza tu.

Mbegu yenyewe ni nyeusi, ngumu, imenata katikati ya kipande cha plasta kisichozidi ukucha. Mtaalamu hulifuta sikio kwa spiriti, akalipapasa kwa kijiti butu mpaka mgonjwa aseme "hapo hapo", ndipo akabandika. Nukta inayotajwa sana kwa usingizi, Shenmen, iko kwenye kijibonde cha pembetatu, sehemu ya juu ya sikio. Kwetu mjukuu ndiye anayembinyia bibi yake, mara kadhaa kwa siku na tena kabla ya kulala, mpaka sikio lipate moto. Binya, usisugue, maana ngozi ya mzee huchubuka upesi. Baada ya siku chache plasta hubanduliwa, likafuata sikio la pili.

Bado anaamka, lakini siku hizi hurudi kulala badala ya kukaa na tasbihi hadi alfajiri. Nadhani sehemu ya dawa ni yale mazungumzo na mjukuu. Sioni ubaya.

Mwenye sukari asikubali vile visindano vinavyoachwa sikioni kwa siku kadhaa. Gegedu la sikio halina damu ya kutosha, likiingia vijidudu hupona kwa taabu na sikio laweza kubaki limekunjamana. Mbegu hazitobi, lakini sikio likiwa jekundu au likivimba, bandua uende zahanati. Vidonge vya usingizi vya dukani kama diazepamu usimpe kabisa mzee anayeamka gizani kwenda uani, ataanguka avunjike nyonga. Na muuza mbegu akikwambia vidonge vya presha viachwe, mwachie mbegu zake.